Dawa ya presha ikikukera, usinyamaze

Msomaji mpenzi, kabla hujafungua ukurasa wa mapishi, hebu nikuulize maswali mawili. Je, yuko mtu nyumbani kwenu anayemeza dawa za presha? Na kama yuko, una hakika kwamba anazimeza?

Mimi nilikuwa na hakika. Kila mwisho wa mwezi nilimtumia mama pesa za dawa kwa simu kutoka Mombasa, naye kila mara alinijibu, "Nimezipata mwanangu, Mungu akuzidishie." Nikalala usingizi wangu wa pono nikijua kwamba wajibu wangu nimeutimiza. Kumbe vidonge navyo vilikuwa vimelala, ndani ya mkebe wa majani chai juu ya kabati!

Mama yangu anaishi Minjila. Kwa asiyepajua, Minjila ni njia panda. Barabara itokayo Malindi ikifika hapo hugawanyika, mkono mmoja ukaelekea Garsen na Hola, na mkono wa pili ukaelekea Witu na Lamu. Mabasi yakisimama, wachuuzi hukimbilia madirishani na maembe, ndizi na maji baridi. Mama hakimbii tena kwa kuwa magoti hayamruhusu. Yeye hukaa kwenye meza yake chini ya kibanda akiuza chai ya maziwa na mahamri, na madereva wanaomjua humfuata wenyewe.

Aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 56. Alipewa vidonge vya nifedipini asubuhi na jioni, pamoja na kile watu wanachokiita kidonge cha mkojo, yaani hidroklorothiazidi. Alilalamika kidogo, kisha akavizoea. Kwa miaka minne maisha yalikwenda vyema.

Ndipo zikaja mvua za El Nino za mwisho wa mwaka 2023. Mto Tana ukafurika, maelfu ya watu katika kaunti ya Tana River wakahama makwao, na barabara zikakatika. Mama alipokwenda kuchukua dawa mwezi wa Disemba aliambiwa kwamba zile alizozizoea zimekwisha, akapewa nyingine iitwayo enalaprili. Alielezwa kwamba atameza kimoja asubuhi na kimoja jioni, basi. Kwamba dawa hii mpya huenda ikamletea tatizo fulani, na likija afanye nini, hakuna aliyemwambia. Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa na shida nyingi siku hizo.

KIKOHOZI KISICHO NA JINA

Majuma mawili baadaye nilianza kumsikia akikohoa kwenye simu. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukereketa, kisicho na makohozi. "Ni vumbi tu," aliniambia. Mwezi wa Januari kikawa bado kipo. Akanywa dawa ya maji ya kifua chupa nzima, akanywa tangawizi na asali, akachemsha majani ya mpera. Wapi! Usiku ndio kilizidi.

Akapimwa kifua kikuu. Makohozi aliyoyapata kwa taabu yakachunguzwa, na ugonjwa haukuonekana. Lakini wewe unawajua walimwengu. Mtu akionekana anapimwa kifua kikuu, majibu ya hospitali hayana nguvu kama maneno ya jirani. Msikitini wanawake walianza kujisogeza alipopiga safu. Na fikiria, msomaji, mama muuza mahamri anakohoa juu ya sinia la mahamri! Abiria walitazamana, wakaenda kibanda cha pili.

Mwezi wa Februari, kwa furaha yangu, kikohozi kikatoweka kwenye simu. Nilimshukuru Mungu.

Wiki moja kabla ya Ramadhani ya mwaka 2024 nilipanda basi kwenda kumwona. Usiku ule nililala chumba kimoja naye na sikumsikia akikohoa hata mara moja. Asubuhi, akiwa anakata mahamri, niliinua mkebe wa majani chai ili nitie chai sufuriani. Mkebe ukalia kama kayamba.

Nilihesabu vidonge 43.

"Mama, hivi ni nini?"

Hakuinua uso. Aliendelea kukata unga pembe tatu, pembe tatu. Kisha akasema, "Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiniua, mwanangu. Niliviacha, kikohozi kikaondoka siku ya kumi na tano. Sasa niambie wewe uliyesoma, mjinga ni mimi au ni dawa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira na pia nilikuwa na hofu, kwa sababu nilimkumbuka mjomba. Mjomba wangu, kakake mama, aliacha dawa zake za presha kimya kimya. Asubuhi moja ya mwaka 2017 alianguka uani akielekea kutawadha. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza na mdomo umekwenda kombo. Kiharusi kilimlaza siku tisa, kisha akatutoka. Hakuna anayeweza kuniapia kwamba angemeza dawa angeishi. Lakini tangu siku hiyo, neno "nimeacha dawa" linanikata tumbo.

Nilimpeleka mama kwenye duka la dawa tukapima. Mashine ikasoma 188 kwa 112. Kipimo kikifika 140 kwa 90 na kuendelea, tena kikarudiwa siku nyingine kikawa vivyo hivyo, huhesabiwa kuwa ni shinikizo la damu. Mama alitazama nambari zile kama mtu anayesomewa bili ya jirani. "Lakini siumwi mahali," akasema. "Si nimekanda unga leo alfajiri?"

Hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu. Shinikizo la damu aghalabu haliumi. Dawa ndiyo inayouma. Mtu asiyehisi ugonjwa lakini anahisi dawa ataona dawa ndiyo ugonjwa, na sioni ajabu yoyote katika hesabu hiyo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa katika matibabu. Wangapi kati ya wale walioanza matibabu wana mkebe wao wa majani chai?

SUMU YA NYOKA

Kesho yake tulishika safari ya Malindi, zaidi ya kilomita 100, mama kajifunga leso mbili na kununa. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana. Akamwamkia, "Shikamoo mama," akavuta kiti karibu, kisha akauliza swali ambalo mimi, mwanawe wa kumzaa, sikuwahi kumuuliza: "Dawa ilikuwa ikikukera vipi?"

Mama alifunguka kama bomba. Alieleza kikohozi, msikiti, sinia la mahamri, yote. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba kugundua chanzo cha kikohozi hakukosea hata kidogo.

Alitueleza hivi. Enalaprili huzuia kimeng'enya fulani mwilini ambacho kazi yake ni kusaidia kubana mishipa ya damu. Kikizuiwa, mishipa hulegea na presha hushuka. Lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho pia kinachovunja kemikali iitwayo bradikinini. Kisipofanya kazi, kemikali ile hurundikana, na katika koo na mapafu ya baadhi ya watu huleta mkereketo na kikohozi kikavu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Si maambukizi, wala dawa ya kifua haikitibu. Huisha dawa ikibadilishwa, kwa kawaida katika wiki moja hadi nne, ingawa kwa wengine huchukua hata miezi mitatu.

Kisha akatusimulia kisa kilichomfanya mama atabasamu kwa mara ya kwanza tangu Minjila. Dawa za ukoo huu zilianza kwa nyoka wa Brazil aitwaye jararaka. Mtu akiumwa na nyoka huyo presha yake huporomoka. Wataalamu wakaichunguza sumu ile, na kutokana na utafiti huo ikatengenezwa kaptoprili, dawa ya kwanza ya ukoo huo ya kumezwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Enalaprili ni ndugu yake aliyefuata.

"Basi mlikuwa mkinilisha sumu ya nyoka," akasema mama, "halafu mnashangaa nakohoa!"

Lakini daktari alirudi kwenye uzito wa jambo. Dawa za ukoo huo zaweza, kwa watu wachache, kuvimbisha midomo, ulimi au koo. Hali hiyo huonekana zaidi kwa watu weusi. Likitokea, mtu aache dawa hiyo hapo hapo na akimbizwe hospitali usiku huo huo, kwani koo likiziba hakuna muda wa kungoja kupambazuke. Na asipewe tena dawa ya ukoo huo maishani. Vilevile mwanamke mjamzito hapaswi kuzitumia.

Kosa la mama, alisema daktari, lilikuwa moja tu. Aliijua siri ya kikohozi, akaificha kwenye mkebe.

MIGUU YA SIKUKUU

Dawa aliyoandikiwa ilikuwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Ramadhani ilikuwa mlangoni, na dawa ya kumeza mara moja ingeweza kumezwa wakati wa futari bila kumvurugia saumu. Kidonge cha mkojo hakumrudishia kwanza. Jua la Minjila na saumu vinatosha kukausha mwili, na kidonge cha kutoa maji juu yake chaweza kumletea mtu kizunguzungu na kumwangusha. Alimkumbusha pia kwamba dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kufungua, kwa hiyo akijisikia vibaya asijitie ushujaa.

Safari hii mama aliambiwa mapema nini cha kutarajia. Siku za mwanzo kichwa huenda kikamgonga na uso ukamwaka moto, na hilo kwa kawaida hupungua siku zikipita. Baadaye miguu yaweza kuvimba. Aidha aliambiwa asitarajie nambari nzuri kesho yake. Dawa hii hupanda polepole mwilini na huchukua wiki moja au zaidi kabla ya kuonyesha nguvu zake zote.

Kichwa kilimgonga kweli, siku sita. Lakini sikiliza namna alivyonieleza kwenye simu: "Kimekuja kile kichwa alichosema yule binti." Hakuogopa. Maumivu yaliyotajwa mapema ni mgeni aliyepiga hodi. Kikohozi cha Disemba kilikuwa mwizi.

Baada ya wiki mbili presha ilikuwa 164 kwa 98, na daktari akaongeza dozi hadi miligramu 10. Nambari zikashuka vizuri. Nilidhani tumefika.

Asubuhi ya Idi, Aprili 10, simu yangu ililia kabla sijavaa. Nilisikia takbiri kwa mbali, kisha sauti ya mama.

"Mwanangu, vile viatu ulivyoniletea havinitoshi. Miguu imefura kama mahamri. Jirani yangu ananiambia nimeze vidonge vyake vya mkojo, anavyo vingi. Nakupigia kabla sijavimeza, na kabla sijaitupa hii nyingine."

Msomaji, nimepokea zawadi nyingi za Idi maishani mwangu. Sijapokea kubwa kuliko "nakupigia kabla."

Nilimwambia asimeze dawa ya mtu, aendelee na yake, avae kandambili aende kuswali, na jioni ainue miguu juu ya mto. Nikampigia daktari. Akauliza kama mama anahema kwa shida, kama anashindwa kulala chali, kama kifua kinamuuma, na kama umevimba mguu mmoja tu wenye maumivu. Lolote kati ya hayo lingemaanisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani uvimbe waweza kutoka kwenye moyo au figo, na mguu mmoja wenye maumivu waweza kuwa na damu iliyoganda. Kwa mama jibu lilikuwa la, la, la na la. Ilikuwa miguu yote miwili, nayo ilivimba zaidi jioni baada ya kukaa kibandani mchana kutwa.

Tulipokwenda wiki iliyofuata alipimwa mkojo na damu. Figo zilikuwa salama. Daktari akatueleza kwamba amlodipini hufungua mishipa midogo ipelekayo damu, lakini ile inayoirudisha haifunguki kwa kiasi hicho hicho. Maji huchuja na kubaki kwenye nyama za miguu, hasa kwa mtu anayesimama au kukaa sana, na hasa mahali penye joto. Dozi ikiwa kubwa, uvimbe nao huwa mwingi. Kwa kuwa mwili hauna maji ya ziada, bali maji yamekaa pasipo pake, kidonge cha mkojo hakisaidii sana. Vidonge vya jirani vingemkausha mama na miguu ikabaki vile vile.

Nilidhani atasema, "Basi tuitupe, tujaribu nyingine." Hakusema hivyo. Alirudisha amlodipini kwenye miligramu 5, akaongeza dawa ya pili, losartani ya miligramu 50. Losartani hupitia karibu njia ile ile ya enalaprili, lakini haigusi kile kimeng'enya, kwa hiyo ni nadra kuleta kikohozi. Isitoshe, dawa za aina hiyo huwa zinapunguza uvimbe unaoletwa na amlodipini.

Nilipouliza kwa nini asiondoe kabisa dawa iliyovimbisha miguu, alinitajia utafiti wa CREOLE uliochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 728 weusi katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, walipewa dawa za presha mbili mbili. Baada ya miezi sita, mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulikuwa umeshusha presha vizuri kuliko ule usiokuwa nayo. "Dawa inayofanya kazi haitupwi kwa kosa moja," alisema. "Kwanza tunajaribu kuipunguza na kuitafutia mwenzake."

Mvua za Aprili na Mei zilileta mafuriko tena mwaka ule. Safari hii mama alikuwa na dawa za miezi miwili kabatini, kwani tulikuwa tumejifunza kutongoja kidonge cha mwisho. Miguu ilipungua taratibu kwa muda wa majuma matatu. Mwezi wa Juni mashine ikasoma 134 kwa 82, na viatu vya Idi vikavaliwa kwenye harusi.

SIRI YA MJOMBA

Sasa niruhusu, msomaji, nizungumze na akina baba kidogo. Watoto na waende wakalete maji.

Kwa nini mjomba aliacha dawa zake? Tulijua baada ya matanga, mkewe aliponong'ona na mama jikoni. Tangu abadilishiwe dawa, mambo ya chumbani yalikuwa yamemwendea kombo. Akaona aibu. Hakumwambia daktari, ambaye alikuwa msichana wa umri wa bintiye. Hakumwambia ndugu. Akaamua kwamba heri presha kuliko fedheha.

Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za presha, zikiwamo atenololi na vile vidonge vya mkojo, zaweza kuwaletea wanaume tatizo hilo. Presha yenyewe isipotibiwa pia hulileta, kwani huharibu mishipa. Lakini dawa za presha zina koo nyingi, na ziko ambazo hazina sifa hiyo. Sentensi moja kwa daktari ingetosha: "Daktari, tangu nianze dawa hii nguvu zimepungua." Daktari amekwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi. Hatacheka.

Nayo atenololi na jamaa zake hazifai kuachwa ghafla. Mwili uliozoea kushikwa breki, breki ikiachiliwa mara moja, moyo huenda mbio na presha ikaruka juu. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari kubwa. Huachwa kwa kupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya macho ya daktari.

TULIYOJIFUNZA NJIA PANDA

Mimi si daktari, msomaji, na dozi ya mama yangu si dozi yako. Lakini yako mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya mgonjwa wake anapobadilishiwa dawa.

Kwanza, muulizeni anayeitoa dawa: hii inachukua nafasi ya ipi? Dawa huwa na jina lake halisi na jina la kampuni, na mtu aweza kumeza dawa moja mara mbili bila kujua. Mama alikuwa bado anaweka nifedipini chache za zamani "za akiba." Nifedipini na amlodipini ni watu wa nyumba moja. Angezimeza pamoja, presha ingeweza kuporomoka akaanguka. Dawa ya zamani ikishaachwa, irudisheni hospitalini au dukani.

Pili, ulizeni pia: inaweza kunikera vipi, kwa muda gani, na kitu gani kikitokea nije mbio? Andikeni jibu kabla hamjasahau.

Tatu, nunueni daftari la shule. La mama lina safu nne: tarehe, dawa aliyomeza, nambari za mashine na neno la mama. Safu ya mwisho ndiyo iliyomfaa daktari kuliko zote. "Miguu mizito jioni." "Kizunguzungu nilipoinuka kuswali." Mnapopima, mgonjwa akae kitako dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amebanwa na mkojo wala hajatoka kunywa kahawa au kutafuna miraa. Pimeni mara mbili.

Nne, tajeni kila kitu mnachomeza, hata cha dukani. Daktari alipouliza, mama alikiri kwamba magoti yakimsumbua hununua vidonge vya maumivu. Vilikuwa diklofenaki. Vidonge hivyo na ndugu zake kama ibuprofeni hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa, na vikichanganywa na losartani au enalaprili pamoja na kidonge cha mkojo vyaweza kuumiza figo. Miezi yote ile tulikuwa tukijaza maji kwenye ndoo iliyotoboka! Na usisahau chumvi. Papa mkavu wa chumvi ni mtamu na wali, lakini mama sasa humloweka na kumwaga maji mara mbili, na humla mara moja kwa mwezi.

Tano, mtu akipooza upande, akivuta maneno, uso ukienda kombo, kifua kikimbana au akizimia, hiyo si shughuli ya daftari. Ni shughuli ya gari, saa hiyo hiyo.

Mama bado anauza chai pale Minjila. Bado hulalamika, tena kwa sauti, na siku hizi malalamiko yake ni muziki masikioni mwangu. Wanawake wenzake wa vibandani huja na pakiti zao za dawa awaangalie, naye huwaambia, "Mimi sisomi dawa, mwanangu. Niambie inakukera wapi, kisha twende sote tukamwambie daktari."

Nilikuwa nikimuuliza mama kila mwezi, "Umepata dawa?" Akijibu ndiyo, nakata simu. Lilikuwa swali la mtu anayelipa bili. Leo jioni, msomaji, ukimpigia mzazi wako, usimuulize kama dawa zimefika. Muulize zinamkera wapi. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kujibu, hata kama muda wa simu utakwisha.

Na ukipita Minjila, simama unywe chai. Mkebe wa majani chai siku hizi una majani chai peke yake. Najua, kwa sababu huutikisa kila nikienda.